Soba ya hapa Tanga kwa mzee mstaafu: ushauri wanaujua, mambo ya dawa bado

Niseme mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote: hii soba, yani nyumba ya kukaa watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya, kwa kijana wa unga (heroini) ningeipa nyota nne bila kufikiria mara mbili, ila kwa mzee mstaafu mwenye tatizo la pombe naipa tatu, na hiyo ya tatu yenyewe imepatikana kwa sababu ya mshauri mmoja na kikao cha alasiri ntakachokielezea huko chini. Jina silitaji, maana kuna mambo ntayasema sio mazuri na nyumba zenyewe hapa jijini zinahesabika, mtu hakosi kujua. Iko ukitoka mjini kuelekea Pongwe, nyumba kubwa ya ukuta na geti jeusi, inatosha.

Kwanza mjue tulimpeleka nani, maana ukisoma ushauri wa soba mitandaoni utadhani kila anayekwenda huko ni kijana wa miaka 25 aliyekonda anakwangua pua. Huyu ni baba mkubwa wangu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suruali ya kunyooshwa na kalamu mfukoni hata akienda dukani. Alistaafu na 60 yake kamili baada ya kile kikokotoo, yani sehemu ya pensheni unayolipwa kwa mkupuo, kupandishwa 2024 kutoka asilimia 33 mpaka 40, kwahiyo alijiona ameotea, mkupuo ukaingia, akamalizia kupaua, akanunua pikipiki akampa kijana afanyie bodaboda, halafu basi. Asubuhi inafika hakuna kengele, hakuna madaftari, hakuna wa kumwambia shikamoo mwalimu mpaka atoke nje. Zamani alikuwa mtu wa bia mbili tatu wikiendi na huwezi kumsikia kagombana na mtu. Mama mkubwa alipofariki usingizi ukakata, daktari wa zahanati akampa valiamu za kulalia, na yeye akaongeza konyagi juu yake maana valiamu peke yake haimshiki. Ikafika saa nne asubuhi anakunywa, tena anakunywa chumbani, sio baa.

Watu wakisikia mzee anakunywa wanasema si alikuwa anakunywa toka ujana huyo, mwacheni ale pensheni yake. Sio hivyo kila mara. Wataalamu wanaofuatilia ulevi wa uzeeni wanawagawa wazee hawa makundi mawili, walioanza ujanani wakazeeka nayo na walioanza au kuzidisha baada ya kustaafu, kufiwa, au kupata maumivu yasiyoisha, na hao wa pili inakadiriwa wanafika kama theluthi. Na ndio ambao wana nafasi nzuri ya kutoka, kwa sababu wana miaka mingi ya kuishi bila pombe nyuma yao, wanakumbuka jinsi ilivyo. Hili hakuna aliyetwambia nyumbani, alilisema mshauri wa soba siku ya kwanza na kwa kweli lilimtuliza kila mtu pale ofisini.

Sasa kwanini hatukuona mapema? Mtaa wetu una walimu wastaafu, watu wa reli wastaafu, watu wa posta ya zamani, yani ukipita saa tano barazani wote wapo na wote wanatetemeka kidogo, wote wamesahau kitu, wote hawalali. Kule Marekani wana miji kabisa ya wastaafu, Sun City ya Arizona ilifunguliwa 1960 kwa ajili yao tu, na huko nako tatizo lilelile linajificha kirahisi maana hakuna bosi wa kuuliza mbona umechelewa, hakuna gari la kuendesha usiku, mtu anakunywa kwake analala kwake. Kwetu sisi alianguka bafuni tukasema uzee. Akasahau tarehe ya harusi ya mjukuu tukasema uzee. Akajikojolea tukanunua mpira wa kitanda. Kila dalili ya pombe kwa mtu wa miaka 60 na kitu ina jina lingine la heshima, ndo maana hata daktari anaweza asiulize, anaona mzee msafi ana kalamu mfukoni, atamuulizaje habari za konyagi.

Na mwili wenyewe umebadilika. Mtu akizeeka maji mwilini yanapungua na nyama zinapungua, ini linafanya kazi taratibu, kwahiyo kiasi kilekile alichokuwa anakunywa na 40 sasa kinapanda zaidi kwenye damu, ni ile ile sukari vijiko vitatu ila sasa kwenye birika dogo. Taasisi ya Marekani inayoshughulika na ulevi, NIAAA, iliwahi kuwashauri wenye zaidi ya miaka 65 walio wazima na wasiotumia dawa wasizidi vinywaji saba kwa wiki, wala vitatu kwa siku moja. Na kinywaji kwao ni gramu 14 za pombe, wakati bia yetu ya mililita 500 ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwahiyo piga hesabu hapo wewe mwenyewe. Shirika la Afya Duniani 2023 lenyewe limesema wazi hakuna kiwango ambacho unaweza kusema ni salama kabisa.

Haya tuje kwenye huduma.

Mapokezi nyota nne. Tulipiga simu kabla, wakapokea, wakatueleza bei bila kuzungusha: laki tatu kwa mwezi, kukaa miezi minne kwa kawaida, unakuja na shuka, ndoo, sabuni na kandambili, bima hawapokei ya aina yoyote. Hapo ujue, mzee wa miaka 60 asiye na uwezo anatibiwa bure kwenye hospitali za serikali kwa sera ila soba ni ya watu binafsi, laki tatu ni laki tatu. Aliyetupokea ni kijana ambaye mwenyewe ametoka kwenye unga, miaka mingi msafi, akaja mpaka kwenye gari akamwinamia mzee, "Shikamoo mwalimu." Mzee alikuwa amenuna njia nzima, akajibu marahaba na akashuka mwenyewe. Usidharau hiyo. Tuliwahi kupigia nyumba nyingine huko huko, wakasema tutawatuma vijana wanne waje kumbeba. Kumbeba! Mtu mzima, mwalimu, abebwe mbele ya majirani. Nikakata simu.

Ofisini akaulizwa maswali manne mafupi, yale yanayojulikana kwa madaktari kama CAGE: umewahi kuona upunguze, watu wamewahi kukukera kwa kukusema unywaji wako, umewahi kujisikia vibaya kwa ajili yake, na umewahi kunywa asubuhi ukiamka tu ili kutuliza neva. Ukijibu ndio mawili tu inatosha kukaa chini na kuzungumza. Mzee alijibu hapana, ndio, hapana. La nne hakujibu, aliweka mikono chini ya meza.

Hapa ndipo nyota zilianza kupotea. Mshauri yule mwema akasema sawa, mwalimu anaingia leo, simu anaacha, pombe inakoma leo leo, atapata arosto kidogo, yani yale mateso ya mwili ukikata kilevi, siku tatu nne tutamwogesha maji ya baridi atakaa sawa. Jamani. Hiyo ndo njia wanayoijua kwa sababu wengi wao wametoka kwenye heroini, na arosto ya unga ni mateso, kuharisha, mifupa kuuma, mtu analia kama mtoto, ila kwa mtu mwenye afya yenyewe kama yenyewe ni nadra kuua. Pombe ni habari nyingine kabisa. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, ndani ya saa chache jasho na kutetemeka kunaanza, ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka degedege, na siku ya pili mpaka ya nne wengine wanaingia kwenye kuweweseka, anaona wadudu ukutani, anaongea na marehemu, presha na mapigo ya moyo yanapaa, na hapo watu wanakufa. Kwa mzee hatari inazidi. Halafu huyu alikuwa na valiamu za muda mrefu juu yake, nazo ukizikata ghafla zinaleta degedege hizohizo.

Binamu yangu ni muuguzi, alikuwa amekuja naye, na ndiye aliyesema haingii mtu hapa leo, anapita hospitali ya mkoa ya Bombo kwanza. Mshauri hakubisha, nampa haki yake, ila pia hakujua, na soba inayopokea wazee haina ruhusa ya kutojua hilo. Nilimuuliza wakipata mgonjwa akaanguka degedege usiku wanafanyaje, akasema wanamwita daktari. Daktari gani, anakaa wapi? Kimya kidogo. "Tunamjua mmoja."

Kwahiyo tukaanzia hospitali, na naomba mtu yeyote mwenye mzee wa pombe afanye hivyohivyo hata kama soba imekuhakikishia mbingu na nchi. Wodini walimpa dawa ya jamii ya valiamu kwa mpango wa kupunguza taratibu, sindano za vitamini B1 ambayo inaitwa thayamini, hiyo inapewa kabla ya dripu ya glukosi maana walevi wengi wamekosa hiyo vitamini na ukiwajaza sukari bila yenyewe ubongo unaweza kuumia usirudi. Walimpima figo, ini, sukari, moyo. Usiku wa pili alimwita mama mkubwa kwa jina na kumuuliza chai iko wapi, muuguzi alikuwa anajua kinachoendelea, taa ikaachwa inawaka, akamwambia mwalimu upo Bombo, leo Jumanne, mimi nipo hapa. Mara nyingi tu usiku kucha, Jumanne, Bombo, mimi nipo. Ukifikiria hiyo ingetokea kule kwenye chumba cha watu kumi na ndoo ya maji ya baridi.

Kitu kingine cha hapohapo Bombo ambacho sitakisahau ni mfuko wa rambo wa dawa. Muuguzi alisema leteni dawa zote zilizopo nyumbani, sio mnazozijua, zote. Binamu akaumwaga mezani: amlodipini ya presha, metformini na glibenklamidi za sukari, diklofenaki za goti alizonunua mwenyewe dukani, valiamu kwenye karatasi ya gazeti, tramado mbili tatu za kuomba kwa rafiki, panado nusu kopo, na kichupa cha dawa ya majani ya mtu wa Muheza. Mfamasia akaanza kuzitenga kwa kidole. Hii glibenklamidi na konyagi sukari inashuka mtu anazimia mnasema kalewa. Hii metformini na pombe damu inakuwa na asidi. Hii diklofenaki na pombe tumbo linatoboka. Hizi mbili, valiamu na tramado, na pombe mtu analala pumzi inakata asubuhi mnamkuta. Panado nyingi na pombe, ini. Presha ikishushwa na dawa halafu pombe ikaishusha tena, akisimama kutoka kitandani anaanguka, na hapo tukaangaliana, bafuni. Mzee mwenyewe alikuwa anasikiliza, akasema polepole, "Kumbe nilikuwa nachanganya kemia." Mwalimu bwana.

Akatoka hospitali akaenda soba akiwa ameshatulia, na hapo ndo nikaanza kuipenda ile nyumba na kuichukia kwa zamu.

Chumba: walimpa dabodeka, kitanda cha juu. Narudia, mtu wa miaka 60 na goti bovu kitanda cha juu, kwa sababu cha chini kina mwenye cheo, ni utaratibu wao, mpya anaanzia juu. Tulisema, wakabadilisha siku hiyohiyo, ila kwanini mpaka tuseme. Choo ni cha kuchuchumaa na hakuna pa kushika. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, hilo kwa mwalimu halikuwa tatizo, yeye ndo aliwaamsha. Chakula ugali, maharage, dagaa, Ijumaa pilau, kimepikwa vizuri tu ila chumvi nyingi mno kwa mtu wa presha na sukari haiangaliwi. Singeli mchana kutwa kutoka upande wa vijana. Kufunga mlango usiku wanafunga, funguo iko kwa mlinzi, tuliuliza moto ukitokea, akasema ana funguo. Haya.

Dawa zake wanazitunza ofisini kwenye droo moja na za wengine, zimeandikwa jina kwa kalamu ya wino, na anayezitoa ni zamu ya siku hiyo, leo huyu kesho yule. Kwa kijana anayemeza paresetamo sawa, kwa mzee mwenye dawa tano na saa tofauti hapana. Tuliishia kununua lile boksi la vyumba saba la dukani, Jumatatu mpaka Jumapili, binamu anajaza kila wiki. Ningependa niseme soba ndo iliwaza hivyo lakini sio.

Ila kikao, yani hapo wametuweza. Wanafuata hatua 12, zile za AA (Alcoholics Anonymous), chama cha watu wa pombe kilichoanzia Marekani mwaka 1935, baadaye NA (Narcotics Anonymous) wakazichukua kwa watu wa dawa za kulevya, na visiwani Zanzibar ndo zimeshika sana kwenye masoba yao. Asubuhi watu wote wanakaa duara, kila mtu anasema jina lake na ugonjwa wake na kilichomtokea. Wiki nzima baba mkubwa hakufungua mdomo. Wakamripoti kwetu kwamba anakaidi, hataki kukiri, yupo kwenye kukataa. Nilipomuuliza mwenyewe Jumapili ya kutembelewa akaniambia, "Mwanangu, yule kijana pale wa fulana nyekundu nilimfundisha hesabu darasa la tano. Unataka nimwambie nilijikojolea?"

Nilimfikishia mshauri maneno yale kama yalivyo. Na hapa ndo ile nyota ya tatu ilipotoka, hakujitetea, hakusema huo ndio utaratibu, alikaa akafikiri, akasema kweli hatujawahi kuwaza hilo. Wiki iliyofuata wakaanzisha kikao cha wazee, saa kumi alasiri, upande wa nyuma kwenye kibaraza, kahawa chungu na kashata, watu watano tu. Mmoja mzee wa reli, mmoja alikuwa karani wa mkonge, mmoja mfanyabiashara wa Ngamiani, na mmoja, huyu alinishangaza, teja mzee. Amezeeka na unga. Watu tunasahau kwamba heroini ilianza kuingia huku pwani miaka ya 80, sasa aliyeanza na 20 wakati ule leo ni babu, ana wajukuu, ana mgongo, ana presha, na bado anatafuta kete. Yeye asubuhi anapelekwa kwenye kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, anarudi. Hiyo ya methadoni ni bure, serikali ilianza nayo Muhimbili 2011 halafu ikasambaa mikoani, Bombo ipo, na ni ya watu wa heroini tu, msije mkampeleka mlevi wa pombe mkidhani atapewa, haimhusu kabisa na ikikutana na pombe ni hatari kubwa.

Kwenye kibaraza kile hakuna aliyesema naitwa fulani mimi ni mraibu. Walianza kwa habari za mpira, Coastal Union ya enzi zile, halafu za reli ilivyokuwa, halafu nani amekufa, halafu mzee wa reli akasema tu, mimi nilikuwa nakunywa ili siku iishe. Ikawa imeanza. Mshauri kijana amekaa pembeni kwenye kindoo, anaongeza kahawa, anauliza swali moja kwa nusu saa. Mwalimu akasema yake, nasikia aliyasema yote, sikuwepo na sikuuliza.

Upande wa familia nao wana darasa Jumapili moja moja, ni la lazima, na wako wakali. Walituambia msitume pesa, msilipe madeni yake ya dukani kimyakimya, msimfiche kwa majirani halafu mkampiga maneno ndani. Wakasema ni maradhi ya ubongo, ile sehemu inayokupa raha na kukukumbusha raha imefundishwa vibaya, kwahiyo mtu anaweza kutaka kuacha kwa moyo wake wote na mkono ukaenda, sio jini wala hajalogwa wala hana tabia mbaya. Shangazi mmoja pale akauliza sasa kama ni maradhi mbona tusimnyang'anye kadi ya benki? Mshauri akashindwa kidogo kujibu, na mimi naona ndo swali gumu kuliko yote kwa mstaafu maana pensheni ni yake, jasho lake, akili anayo, huwezi kumnyang'anya mtu mzima kadi kwa kuwa unampenda. Sisi tulikaa naye akiwa msafi, akachagua mwenyewe kwamba kadi ikae kwa mwanawe wa kwanza, matumizi ya wiki apewe mkononi, na karatasi tukaandika na yeye akasahihisha herufi mbili.

Kinachonikera zaidi ya dabodeka ni baada ya kutoka. Miezi ikiisha unapewa cheti, unapigwa picha, unaambiwa uje vikao vya Jumamosi. Basi. Kijana anaweza kubaki akawa mshauri, akapata kazi ya kujitolea, akapata familia mpya mule. Mzee anarudi kwenye nyumba ileile kimya ileile, jua la saa nne lilelile, na barazani wenzake wanamwambia karibu mwalimu tulikumiss. Hakuna aliyetuuliza atakuwa anafanya nini saa nne asubuhi. Na kuna dawa za kupunguza hamu ya pombe, naltreksoni kwa mfano, ambazo daktari wa akili anaweza kuzizungumzia kama ini linaruhusu, soba hawakuzitaja hata siku moja, kwao dawa ni dawa, ukimeza hujawa msafi. Hiyo imani iwaondoke. Yule teja mzee anakunywa methadoni na ndiye aliyekuwa ametulia kuliko wote pale.

Usingizi pia hawakuugusa, na kwa mzee ndo mlango wenyewe wa kurudi. Tulirudi kliniki Bombo wenyewe, tukapewa ratiba ya kumaliza valiamu kwa wiki nyingi, robo kwa robo, na kuambiwa asilale mchana na aache chai ya rangi jioni. Mwalimu analalamika chai kuliko alivyowahi kulalamikia konyagi.

Sasa anafundisha watoto wa mtaani hesabu asubuhi, bure, pale pale saa nne, wanakaa kwenye mkeka wanapiga kelele. Aliteleza mara moja msibani, akasema mwenyewe kabla hatujajua, mshauri akaja nyumbani kwa pikipiki yake na hakutoza kitu. Ndo maana nasema nyota tatu na sio mbili.

Bei naona ni ya haki kwa chakula na watu wale, ila ukijumlisha hospitali, boksi la dawa, nauli za bajaji kila Jumapili na kahawa mnazochangia, weka kichwani karibu laki nne na nusu kwa mwezi. Mkienda ulizeni daktari wao ni nani kwa jina na anafika kwa dakika ngapi, ulizeni kama wanapokea mtu aliye kwenye dawa za hospitali, angalieni choo, angalieni kitanda, na kaeni hata nusu saa msikie vijana wanavyowaita wazee. Kama hujui uanzie wapi kabisa, mamlaka ya dawa za kulevya wana namba ya bure 119, wanaweza kukwambia nyumba zilizosajiliwa karibu na wewe.

Nilipopita juzi kumpeleka mzee kikao cha Jumamosi vitanda viwili vya chini vimeandikwa WAZEE kwa rangi ya mafuta, na fundi alikuwa anapima ukuta wa choo apigilie bomba la kushikia. Likiisha nitaongeza nusu nyota.